Kilo Ishirini na Mbili

Mama, wewe uliwabeba Bukuru na Butoyi,
mmoja mgongoni, mmoja kifuani,
na beseni la dagaa kichwani kutoka Kibirizi;
nami Kiza nikaja nyuma yao
nikaukuta mgongo umekwisha kuzoea.
Basi usinicheke.
Wangu hawakuja siku moja. Enosi ana miaka mitatu
na miguu inayochoka pale tu inapohitajika.
Nyamwiza ana miezi sita, na kichwa kizito kama cha babu yake.
Na mimi, tangu nilipopasuliwa Maweni,
mgongo huu si wa kuazimisha.

Pale Mwanga, nyuma ya maduka ya vitenge,
Ntakije anauza vigari vya watoto vya mtumba.
Vya viti viwili vilikuwa viwili tu.
Kimoja ubavu kwa ubavu, kitambaa cha buluu,
kimwamvuli chenye dirisha, hata pa kuwekea kikombe.
Nilikipenda kama mtu anavyopenda kiatu kisichomtosha.
Kingine kiti mbele, kiti nyuma, rangi ya tope,
tairi moja limefungwa waya,
kinanuka ghala la nchi nisiyoijua.

"Chukua cha buluu, dada, ndicho cha kisasa."
Nikamwambia, ngoja kwanza nikipime.
Dukani kwa Mama Tunu nikaazima
mfuko wa unga wa muhogo, kilo kumi na tano: huyo Enosi.
Dumu la mawese, kilo saba: huyo Nyamwiza.
Nikawafunga mikanda. Watu wakasimama.
Kijana wa bodaboda akauliza unga unaumwa nini.

Kwenye lami kiliteleza kama maneno ya mchumba.
Mlangoni mwa duka la dawa kikagoma,
kimezidi kwa vidole vinne,
nikawaza foleni ya kliniki, siku ya mizani:
kadi iko ndani, sisi watatu nje.
Hata hivyo nilikuwa bado nakitaka.
Tukafika mteremko wa kwenda stesheni.
Nikakanyaga breki, ikalia "tik".
Nikaachia mikono nijifunge kanga vizuri.

Mama, sikuona kilivyoanza.
Kiliondoka polepole, kwa adabu, kama mgeni anayeaga,
kisha hakikuaga tena.
Kikagonga ukingo wa mtaro.
Unga ukabaki umekaa, mkanda kiunoni, mtulivu.
Dumu likapasuka.
Mawese yakashuka na mtaro, mekundu,
na watu wakacheka, kwa kuwa yalikuwa mawese.
Mimi nikakaa chini, katikati ya barabara.
Ntakije alikuja mbio akitaja hasara ya kigari,
akanitazama, akautazama mtaro,
akanyamaza.

Mama Tunu nilimlipa dumu zima.
Kisha nikarudi kwa kile cha rangi ya tope.
Nikakileta mteremko uleule, nikakanyaga breki,
nikakisukuma kwa mikono, kwa nyonga, kwa hasira,
nikamwita yule kijana wa bodaboda naye akisukume.
Kikasimama kama ng'ombe asiyetaka mnada.
Elfu themanini.
Nikatoa sitini na kitenge ambacho sijakivaa.

Sasa Enosi anakaa mbele, anasema ni treni,
anapiga honi kwa mdomo mpaka Katubuka,
na kila penye kibanda cha vocha ni lazima tusimame, abiria washuke.
Nyamwiza analala nyuma.
Kwenye changarawe mashavu yao hutetemeka pamoja.
Kupanda ni kazi, sitakudanganya;
nikifika juu siwezi kuitika salamu.

Jana ulikizunguka mara mbili,
ukabonyeza tairi kwa kidole kama mnunuzi wa papai,
ukasema mgongo hauna breki
lakini haujawahi kuondoka peke yake.

Sikujibu, Mama.
Nilikuwa natazama mguu wangu wa kulia:
watoto walikwisha shuka, wamo ndani wanakula,
uwanja wako ni tambarare kama meza,
nao bado ulikuwa umekanyaga.